Mwenye Pombe Anywe Kwanza

Shanwe, Mpanda
Jumanne

Dada yangu mpendwa Dafrosa,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute mzima wewe na shemeji Gideon na wanao, wajomba wangu wote, na mpunga wa huko Kasansa uwe umewaitikia vizuri mwaka huu. Mimi huku ni mzima kiasi, na hicho kiasi nitakueleza. Ila nawe nikikuuliza hali usinijibu lile jibu lako la siku zote kwamba mnaendelea vizuri. Safari hii nataka kujua unalala vipi, unakula vipi, na kule kuchoka ulikomlalamikia Hilari alipopita huko kumefikia wapi.

Najua utashangaa mtu wa simu kama mimi kukaa chini na kalamu. Nimefikiri sana nikaona kwenye simu utanikatia kabla sijafika katikati. Karatasi haikatwi. Ukikasirika utaiweka mezani, utaenda kufokea kuku, halafu utarudi kuimalizia kwa sababu nakujua ulivyo mdadisi. Hilari anakuja nayo mkononi, na nimemwambia asiondoke hapo kwako mpaka umalize.

Nianze na kazi. Nasikia watu wakikuuliza habari zangu unawaambia napika pombe mjini, na unashusha sauti. Dada, ile ni bia. Ni bia ya kupikwa kidogo kidogo kwa mkono, wenyewe wa mjini wanaiita krafti. Nachukua kimea cha ulezi, nakikaanga kidogo kipate rangi, nachemsha, natia asali ya porini na hopsi, yale maua machungu ya bia, zinazokuja kwa lori kutoka Arusha, naiacha ichache kwenye pipa lililofungwa, ndipo naijaza kwenye chupa. Haina machicha ya kuchuja kwa meno. Ukiifungua inatoa povu jeupe na harufu ya asali iliyopitiwa na moshi. Nimeipa jina la Msitu, na kwa ajili yake niliacha useremala, randa na misumeno nikauza. Hilo nalo nilikuwa sijakwambia.

Tuna kundi letu la kuonja hapa mjini. Kuna walimu, kuna dereva wa lori, na kuna Glory mwenye saluni, ambaye siku ukija utamjua vizuri zaidi na naomba usimhoji kama polisi. Jumamosi tunazunguka baa moja baada ya nyingine na chupa zetu. Mtu anaiinua glasi kwenye mwanga aone rangi, ananusa, anapiga funda dogo, analiweka ulimini, halafu ubishi unaanza. Glory ndiye mwenye ulimi. Siku moja alisema bia yangu imelala karibu na vitunguu. Nikabisha sana, nilipofika nyumbani nikakuta kweli gunia la kimea limeegemea gunia la vitunguu. Ni raha dada, nakwambia ukweli. Nilikuwa sijawahi kuwa na raha ya namna hiyo tangu nizaliwe.

Lakini hata ukiiita bia kwa Kizungu, desturi ni ile ile. Mwenye pombe anywe kwanza, wageni waone haina sumu. Hakuna anayetaka kufa kwa ajili ya heshima. Kila baa tuliyoingia, kila chupa niliyofungua, glasi ya kwanza ilikuwa yangu, na nilikunywa bila kufikiri. Masika yaliyopita miguu ikaanza kuvimba. Nikawa nachoka hata kwa kubeba kreti moja. Glory akaniambia macho yangu yamekuwa ya njano, nikamwambia ni taa za baa. Mchana pia akaniambia, na mchana hakukuwa na taa.

Daktari alinipima akasema ni ini. Alisema ni homa ya ini, kwamba imekaa mwilini muda mrefu na imeshaanza kuharibu. Akanipa dawa za kumeza kila siku, akasema pombe basi, hata tone. Nikamuuliza nitaipikaje bia bila kuionja. Akasema nionje niteme, tena akanitazama kama mwalimu anayemjua mtoro. Nikamuuliza kama wateja wangu wataupata, akasema ugonjwa huu hauendi kwa bia wala kwa sahani wala kwa kula pamoja. Sawa, lakini nenda kaeleze maneno hayo baa saa ya mpira. Nani angenunua tena chupa ya mtu anayeumwa ini? Nikanyamaza. Aliyejua ni Glory peke yake.

Sasa Jumamosi na Jumapili zilizopita lilikuwepo tamasha la bia hizi, hapa hapa Mpanda. Walikuja wapishi kutoka Sumbawanga, Tabora na Kigoma, kila mmoja na meza yake. Mwonjaji mkuu alikuwa mama mmoja wa Kirundi anaitwa Aurélie, ana baa zake Kigoma, na alikuwa ametangaza kwamba ataondoka na bia moja tu ya kuuza kwake. Mimi niliiona hiyo bia moja ni Msitu. Kama si Msitu, basi nimeacha useremala bure.

Siku ya kwanza niliipita kwa ujanja. Niliinua glasi, nikalowesha midomo, nikapiga kelele nyingi, nikamimina haraka haraka. Ikapita. Jumapili mchana Aurélie alipofika mezani kwangu na watu nyuma yake, alikuwepo Cletus. Unamkumbuka Cletus wa jirani zetu hapo Kasansa, sasa ana baa huku Shanwe na tumbo la kuitangaza. Akasema kwa sauti kwamba amenitazama tangu jana na glasi yangu haipungui. Watu wakacheka. Nikasema nimekunywa tangu asubuhi. Akamimina nyingine, akanishikisha mkononi, akasema basi hii ninywe mbele yao.

Nikasema niko kwenye dozi. Mmoja akauliza dozi gani hiyo inayomruhusu mtu kunywesha wenzake. Glory akaja akaninyang'anya glasi akainywa yote, na Cletus akamwambia yeye ni mteja tu, hata wateja waliokufa kwa sumu nao walikunywa vizuri. Akajaza tena. Wakati huo hawakuwa wanacheka tena. Niliona watu wanaziweka glasi zao mezani, mmoja baada ya mwingine, zote zikiwa zimejaa. Ndipo Cletus akasema lile neno. Alisema yeye anatufahamu kwetu, na kwamba kwenye ukoo wetu si mara ya kwanza mtu kupewa pombe na mwenyewe asinywe.

Aurélie alikuwa ameishika glasi karibu na pua, anainusa. Akaishusha taratibu, akasema kwa Kiswahili chake cha upole kwamba hata kwao mwenye pombe hunywa kwanza, na kwamba yeye ananisubiri.

Dada, niliogopa. Nikisema ugonjwa wangu, bia imekufa. Nisipokunywa, mimi ni mwuaji. Nikinywa moja, nyuma yake kulikuwa na meza nzima ya watu watakaotaka ninywe na yao. Nikaona bora ninywe. Nakwambia kweli, niliifikisha mdomoni, baridi ya glasi nikaisikia kwenye meno. Mkono ukatokea pembeni ukaichukua.

Hapa ndipo ungenikatia simu. Mkono ule ulikuwa wa shangazi Pelagia.

Ndiyo, shangazi huyo huyo. Yule aliyempa mama kibuyu siku ya mavuno bila kunywa kwanza, na mwaka haukuisha mama akavimba tumbo, macho yakageuka njano, tukamzika. Yule uliyemnyoshea kidole siku ya kuanua matanga ukasema mbele ya watu wote kwamba kikulacho ki nguoni mwako, akaondoka Kasansa na chungu chake na blanketi moja, hakuna aliyemsindikiza. Mimi nilikuwepo. Niliamini kama wewe.

Nilimpata kijijini Kabungu. Nilikuwa natafuta kimea, na kila niliyemuuliza sokoni alisema kizuri kinatoka kwa bibi mmoja wa Kabungu. Nikaenda, nikamkuta ni yeye, anageuza ulezi kwenye magunia mabichi. Nilitaka kurudi. Akanipa kigoda akaniuliza kama nimekula. Tangu siku hiyo kimea cha Msitu ni cha mikono yake, na kila ninachojua juu ya ulezi amenifundisha yeye. Nilikuficha dada. Hata kwenye tamasha nilimweka nyuma ya hema pamoja na kreti tupu, nikamdanganya ni kwa ajili ya kivuli, kumbe naogopa watu wa Kasansa wasimwone. Alijua. Alikaa huko siku mbili bila kulalamika.

Sasa alisimama mbele yao na kanga yake ya shambani. Akamwambia Cletus kwamba mwenye pombe ni yeye, kimea ni chake tangu mbegu, na mimi ni mpishi wake tu. Akainywa glasi mpaka chini. Wengine wa Kasansa walimtambua, nikasikia jina lake linapita mdomo kwa mdomo, na mtu mmoja akamvuta mkewe nyuma. Shangazi akavuta kreti akaketi katikati yao. Akasema anayetaka kumtazama akifa alete kiti chake, ila asichelewe, kwa sababu yeye ana gari la Kabungu la kuwahi jioni.

Walimtazama kweli. Sijui ni muda gani, mimi niliona kama mwaka. Kisha akaomba glasi ya pili, akalalamika kwamba nimeipoza mno inamwuma meno. Aurélie akacheka, akaichukua ya kwake akanywa, akafumba macho, akanywa tena. Glasi nyingine zikaondoka mezani moja moja. Cletus alikunywa wa mwisho.

Aliyeondoka na Aurélie ni mzee mmoja wa Sumbawanga mwenye bia nyekundu ya mtama. Sikusikia hata tangazo. Wakati wanatangaza, shangazi alikuwa amenivuta nyuma ya hema akiniuliza kwa nini nimekataa kunywa pombe yake. Nikamweleza habari ya ini. Akanigeuza usoni akanifunua jicho kwa kidole. Akauliza kama usiku mwili unaniwasha. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nyama inaninukia vibaya. Ndiyo. Akauliza kama miguu ilianza kabla ya tumbo. Nikasema tumbo bado, ni miguu.

Akakaa chini kwenye vumbi. Akasema hayo yote aliyasikia kwa mama, kwa mdomo wa mama mwenyewe, alipokuwa akimpelekea uji kabla hatujamkataza kuingia. Halafu akalia, dada. Sijawahi kumwona mtu mzima akilia vile. Alisema siku ile ya mavuno alimpa mama kibuyu kwa haraka tu ya kazi, na tulipomfukuza alianza kujiuliza mwenyewe. Labda chungu kilikuwa na kitu. Labda ni kweli amemwua wifi yake bila kujua. Ndiyo maana huko Kabungu anauza kimea tu. Tangu atoke Kasansa hajampa mtu yeyote pombe, wala hajaitia mdomoni mwake, mpaka Jumapili.

Jana nilirudi kwa daktari nikamweleza habari za mama. Alisema hawezi kuapa juu ya mtu ambaye hakumpima. Lakini alisema ugonjwa huu mara nyingi mama humpa mtoto wakati wa kuzaliwa, na unaweza kukaa kimya miaka na miaka mtu akilima na kucheka kama kawaida. Akaandika andika. Kisha akainua kichwa akaniuliza kama mama yetu alizaa mtoto mwingine.

Nikasema ninaye dada.

Kwa hiyo nakuandikia, Dafrosa. Nakuomba ukapime. Wachukue na wajomba wote, maana nawe umewazaa. Asiyekuwa na ugonjwa huu atachomwa chanjo, aliyenao atapewa dawa mapema kabla haujafika ulikofika kwangu. Usiende kwa mganga, usinywe mizizi, usiseme ni uchovu wa mpunga. Mficha maradhi kilio humfichua, na mimi kilio cha nyumba yetu nimekwishakilia mara moja. Naogopa. Tangu jana silali, nikifumba macho nakuona wewe na kule kuchoka kwako.

Msitu sijui kama utaishi. Kesho nitapita kwa Cletus na kwa wenzangu wa Jumamosi niwaeleze ugonjwa wangu mwenyewe, wakitaka kunywa wanywe, wakitaka kuacha waache.

Habari ya shangazi sikuambii la kufanya. Wewe ni mkubwa wangu, na maneno yale uliyasema wewe. Nilimwambia nakuandikia, nikamuuliza kama ana neno la kukutumia. Akasema nikuambie ukapime kwanza, kununiana mtaendelea nako mkiwa wazima.

Nisalimie sana shemeji Gideon, na wajomba mmoja mmoja kwa jina. Glory anakuamkia, anasema shikamoo wifi. Majibu mpe Hilari, anangoja hapo mlangoni.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Telesphor