Gundi Niliyoikausha Juani

Furaha, mutoto wa dada yangu,

Mimi tonton wako niliwahi kuziba tairi la lori la mgodi likiwa bado linatembea, Kolwezi yote inajua. Lakini barua hii kwako, nimeichana mara tatu.

Unakumbuka tulivyokuwa tunaenda ziwa la Nzilo na mtumbwi wa tata Kalenga? Unaingia majini mpaka kifuani, unapapasa chaza walioshikamana na mawe. "Tonton, nani aliwapaka hawa kolo, gundi kali hivi?" Nikakuambia ni babu yangu. Ulicheka mpaka ukameza maji.

Ukaenda kusoma chimie, ile kemia, ukarudi na vikopo vyako, unatengeneza gundi ya kuiga ile ya chaza. Ulinionyesha mawe mawili yameshikana ndani ya ndoo. Nikavuta, nikashindwa, mimi! Ukasema, "Hii inashika ikiwa ndani ya maji, tonton. Ukiikausha, inakufa. Na bado sijamaliza kuitengeneza, usiiguse."

Ulipoenda Likasi, tata Kalenga akaja, mtumbwi wake umepasuka. Nilikuwa nimeshajisifu kwake kwamba gundi tumeitengeneza wawili. Nitarudi nyuma vipi? Nikafungua kikopo. Nikafanya kama kwa mipira ya tairi: nikasugua, nikaanika mbao juani, nikapaka, nikabandika kiraka, nikaanika tena.

Katikati ya ziwa kiraka kikaachia. Tata Kalenga akaogelea mpaka ng'ambo. Nyavu zikabaki chini.

Siku uliporudi alikuwa kwangu, anafoka. "Nani alitengeneza hii buchafu?"

Nikasema, "Ni mutoto. Mi nilimuambia haina nguvu."

Ulikuwa umesimama mlangoni na mfuko wako. Ulisikia yote.

Toka hapo bavuvi wote walikunyima mitumbwi. Bila mtumbwi hakuna chaza, na bila chaza kazi yako ikasimama. Ukahamia Lubumbashi, unauza vitenge. Mi nikabaki nasimulia bitu vyangu, batu wanacheka, na kila wakicheka nauona ule mlango.

Leo asubuhi nimemwendea tata Kalenga. "Kolo haikuwa na kosa. Ni mi niliikausha."

Akaniuliza, "Mwaka muzima, tata? Ukaacha mutoto abebe bubaya yako?"

Safari hii sikubuni hadithi. "Ndiyo," nikasema.

"Mutumbwi nitamupa," akasema. "Bale bengine nitabaambia. Ila weye, usipande tena."

Basi rudi, mama. Kazi yako inakungoja. Hata usipopita kwangu, rudi.

Mimi tonton wako, niliyekuchafulia jina