Mfalme Aliyemeza Mto Anashindwaje na Kamba?

Mpendwa mshauri, nisaidie upesi, maana mume wangu amehamia kwa mama yake kwa sababu ya mtu ambaye hayupo duniani.

Waitara, mume wangu, ana hadithi aliyoibuni mwenyewe, na tangu tuhamie kijiji cha ujamaa hapa Nyambureti huisimulia kwenye shamba la pamba la kijiji wakati wa mapumziko, na siku hizi hata wavivu wanawahi palizi, maana ni habari za mfalme mwovu Kiburuta aliyemeza mto mzima kwa mkupuo mmoja na kupeperusha majeshi kwa pumzi, nami nikiisikia nasisimka mwili ingawa mtunzi wake nampikia ugali kila siku. Basi Jumatatu akatuambia msichana mmoja amemfunga Kiburuta kwa kamba ya katani. Watu wakashangilia, mimi nikasimama na jembe langu nikauliza, "Aliyemeza mto anashindwaje kukata kamba?" Vijana wakasema kweli, nguvu zake zimekwenda wapi, wazee wakasema mwovu lazima ashindwe hata kwa uzi, palizi ikasimama, na mwenyekiti wa kijiji akatangaza kwamba tusipopatana hadithi itapigwa marufuku. Tukirudi, Waitara aliniambia neno moja tu: "Umenivua nguo mbele ya kijiji." Kisha akachukua blanketi lake.

Namwonea huruma, lakini nitakudanganya nikisema nimetulia, kwa kuwa nikiwa kisimani nimepata jibu na moyo unanienda mbio: ule mto bado umo tumboni mwa Kiburuta! Ndiyo maana zamani alikuwa mwepesi na sasa hawezi kuinama wala kukimbia, akijitutumua tu utamwagika, na bila mto yeye si kitu. Je, nisimame tena shambani niwaeleze, au ninyamaze nisimpoteze mume?

Efrazia, Nyambureti

Efrazia,

Barua yako niliisoma kwa sauti ofisini, na kazi ikasimama hapa pia. Swali lako ni la haki. Adui akiwa na nguvu leo na kesho mnyonge bila sababu, hata ushindi wa yule msichana hauna maana. Hukumkosea mumeo kwa kuuliza. Ulimkosea kwa kutosubiri mfike nyumbani. Na sasa unataka kusimama tena? Kaa chini.

Waitara naye, kama anasoma hapa, ajue kwamba wako waume ambao wakifungua mdomo, wake zao wanasinzia.

Kesho nenda kwa mama mkwe, mwamkie shikamoo, msaidie kazi, na Kiburuta usimtaje. Mwombe mumeo msamaha kwa kusimama, si kwa swali. Mkiwa njiani kurudi, mweleze habari ya mto tumboni, kisha unyamaze umwache afikiri. Anaweza kukataa, hadithi ni yake. Akikubali, simulieni wawili: yeye aseme maneno ya msichana, wewe ya Kiburuta, na mwenyekiti mumkalishe mbele. Nani ashinde, mgombanie nyumbani, mlango ukiwa umefungwa.