Mzinga Mrefu wa Gasto

Rungwa,
kupitia Posta ya Itigi,
9 Julai 1952.

Mpendwa shemeji Melkizedeki,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. U hali gani huko mkongeni Korogwe? Ile homa imekuachia? Mama anauliza kila asubuhi kama unakula vizuri. Sisi bado tunapumua, na kwa mwaka huu hilo peke yake ni la kumshukuru Mungu.

Ninaandika mimi, Yustina, kwa sababu kaka yako Gasto hawezi kushika kalamu. Tumesikia umeapa kuja kumkata Gaspari kwa panga. Habari iliyokufikia ni nusu tu, shemeji. Sikia iliyobaki.

Unajua Gasto alianza kazi ya nyuki mwaka jana tu. Baba mdogo Melkiori alimwonya kwamba anayeanza achonge mizinga mifupi, ambayo mtu mmoja anaweza kuishusha kwa kamba. Gasto alitaka asali nyingi upesi. Alichonga mifupi michache, kisha akachonga mmoja mrefu kuliko mimi. Wanaume wanne waliupandisha juu ya mti wa mtundu kule bondeni. Mifupi ilipata nyuki wa kiasi. Ule mrefu ulijaa mpaka mti wote ukawa unavuma.

Mwezi uliopita tulikwenda kurina jua likielekea kuchwa. Tukamkuta Gaspari, jirani yetu, yuko mtini anajaribu kuushusha ule mrefu peke yake. Gasto akapanda, wakakabana koo huko huko juu. Gaspari alikuwa na shoka. Pigo la kwanza liliondoa vidole vitatu vya mkono wa kuume wa kaka yako. La pili lilikata kamba iliyoshika mzinga na yeye mwenyewe.

Mzinga ulianguka ukapasuka, na Gaspari akaangukia juu yake, mguu ukavunjika. Nyuki walimfunika uso hata sikuyaona macho. Gasto aliteremka akakimbilia vichakani, damu ikimchuruzika. Mimi nilikuwa na mwenge wa nyasi. Nikamsikia Gaspari akimwita mama yake. Sijui niliwaza nini. Niliingia na moshi wangu, nikamshika kwapani, nikamburuta hadi kijitoni huku nyuki wakinichoma mpaka ndani ya masikio.

Alikata roho kabla hatujamfikisha kwao.

Ndugu zake walikuja na mikuki. Walivunja mlango wetu, wakampiga Gasto marungu mpaka akazirai. Aliyewazuia ni baba yao, mzee Paskali. Aliutazama uso wangu uliovimba, akawaambia, "Huyu mwanamke aliingia alimokuwa mwanangu. Ninyi mngeingia?" Wakatoka.

Kwa hiyo unayemtafuta tumekwisha kumzika, shemeji. Gasto alitupa udongo kaburini kwa mkono wa kushoto, na nilimwona akilia.

Mjane wa Gaspari, Dorkas, ni mjamzito na hana wa kumlimia. Gasto ameamua kumchongea mizinga, mifupi yote, ambayo mwanamke ataishusha mwenyewe. Anajaribu kila siku, na kila siku tezo inamponyoka. Mkono mmoja haumalizi gogo. Panga liache huko huko Korogwe. Uje na mikono yako.

Mama, baba mdogo Melkiori na dada yako Selina wanakusalimu sana. Mungu akulinde njiani, akufikishe kwetu na moyo uliopoa.

Ni mimi shemeji yako akupendaye,
Yustina