Safari ya Maji ya Mama Eufrosina

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Lima. Tarehe 20 Februari 2019, saa 3:40 asubuhi.
Jina: Nélida Huarcaya Poma. Umri: miaka 54. Kazi: mpangaji wa safari za magari ya maji. Makazi: chumba nyuma ya kituo cha maji, peke yangu.

Naeleza kama ifuatavyo. Tuna malori mawili ya maji, na kwa siku yanapanda vilimani mara sita. Asubuhi nagawa safari nne kwa waliopiga simu. Mbili nazishikilia hadi saa sita mchana, maana anayepiga si lazima awe ameishiwa, na aliyeishiwa mara nyingi hupiga mwisho. Nafanya kazi hii kwa simu tu. Wateja siwaoni.

Marehemu, Mama Eufrosina Ccente, miaka 79, aliishi peke yake nyumba ya juu kabisa kilimani. Kwa miaka sita alipiga kila asubuhi kuagiza maji. Dereva wetu, Abilio Taype, alikuwa akikuta mapipa yake yamejaa pomoni. Aliniambia, "Dada, yule bibi hana kiu ya maji, ana kiu ya umbea." Hata hivyo nilimpangia mara mbili kwa wiki. Nakiri kwamba akichelewa kupiga, nilikuwa naikodolea macho simu.

Jumapili tarehe 17 ilikuwa kanivali. Jumapili za Februari watu humwagiana maji tangu asubuhi, na makadirio yangu hayashiki. Kufikia saa sita mtaa wa chini ulikuwa umepiga mara thelathini na nane. Safari zote mbili za akiba nikazipeleka huko.

Saa 8:10 mchana Mama Eufrosina alipiga.

"Mwanangu, nitumie Abilio."

"Mapipa yako si yamejaa, mama?"

"Yamejaa. We nitumie tu. Kifua kinanibana."

"Huku chini watu hawana hata tone. Kweli mwenye shibe hamjui mwenye njaa!"

Akacheka. "Haya, wape hao wenye kiu."

Kifua kilimbana kila Jumapili, ndiyo maana sikushtuka. Saa 10 Abilio alirudi amelowa chepechepe. "Dada, lori zima limeishia vichwani mwa watu." Nilicheka. Naona aibu kulisema hilo.

Jumatatu hakupiga. Nilidhani amenuna. Jumanne asubuhi nilimtuma Abilio bila oda yoyote, akamkuta sakafuni, amekwisha kufa. Mapipa yote yalikuwa yamejaa.

Afisa amenitaka niende mochwari kumtambua, kwa kuwa ndugu hajapatikana na namba ya mwisho kwenye simu yake ni yetu. Nimemjibu siwezi. Sijawahi kumwona. Ningemtambua kama angesema neno.

Hayo ndiyo niliyoyajua na niliyoyatenda. Nimesomewa, ni sahihi.

(Sahihi) N. Huarcaya P.

Maoni ya afisa: Utambuzi utafanywa na dereva Taype. Shahidi ameomba aende naye, amwone marehemu.