Masharubu ya Baba na Miwani ya Kuzamia

Kwako Dada,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko bahasha hii inavyoweza kubeba. Natumai umeamka mzima, Mama hajambo na goti lake, na shemeji bado anakoroma kama kawaida yake. Sisi huku tu wazima, na safari hii sisemi hivyo kwa kutimiza desturi ya barua. Tu wazima kweli. Jana nimelala usingizi ambao sijaupata tangu binti yetu azaliwe.

Utajiuliza kwa nini nahangaika na kalamu wakati simu ipo. Sababu ni Shangazi. Wewe huwezi kupokea simu bila kuweka sauti ya juu, na Shangazi hawezi kusikia sauti ya juu bila kusogeza kiti. Nimetaka uyasome haya peke yako kwanza, halafu uamue mwenyewe nani asomewe. Ila fanya haraka, maana Baba anarudi mwisho wa wiki, na akifika bila kutanguliwa na habari mtamwacha mlangoni mkidhani ni mgeni aliyepotea njia.

Nianze na lawama zako. Ulilalamika kwamba picha zote za mtoto ninazotuma ni za upande, au amelala kifudifudi, au kitambaa kimemfika puani. Ukatania kwamba labda ni mzuri mno, naogopa macho ya watu. Dada, mtoto amezaliwa na mdomo wa sungura. Mdomo wake wa juu umepasuka hadi karibu na pua. Daktari ametueleza kwa upole kwamba akiongezeka uzito kidogo atashonwa, na kwamba watoto wa namna hii hupona wakala na kuongea kama wengine. Kwa daktari sikuwa na hofu. Hofu yangu ilikuwa nyumbani kwetu.

Unamkumbuka mtoto wa binamu yetu, yule aliyezaliwa na mguu uliopinda. Shangazi alikaa sebuleni akatangaza kwamba kwetu hakuna mambo hayo, kasoro ile ilitoka upande wa mama. Mke wangu alikuwa jikoni anaosha vikombe na alisikia kila neno. Baba naye alikuwepo, akanyamaza, akawa anasokota masharubu tu. Kimya kile kilituuma kuliko maneno ya Shangazi. Basi binti yetu alipozaliwa, mke wangu aliniambia kwamba siku mtu wa kwetu atakapomtazama mwanawe kwa jicho lile, atambeba arudi kwa mama yake, na asifuatwe. Aliyasema hayo bila kupaza sauti. Unamjua wifi yako: akipiga kelele, ujue mambo bado ni mazuri.

Sasa nifikirie mimi, nimekaa zangu, Baba anapiga simu kutoka stendi kwamba ameshafika, nimfuate. Hakuna aliyemwita. Nilipomweleza mke wangu, alimfunga mtoto kwenye shali akaondoka naye kwenda kwa mama yake, mtaa wa pili. Mimi nikamwambia Baba kwamba mtoto ana mafua na mama mkwe amemchukua ili amwangalie vizuri. Akasema sawa. Akaenda jikoni mwenyewe kunywa maji, akakawia huko kidogo, na aliporudi hakuuliza tena habari za mtoto. Nilimshukuru Mungu. Nikajiona mjanja, kumbe mwerevu alikuwa ndani ya nyumba na hakuwa mimi.

Ili asishinde nyumbani akaanza kuchunguza, asubuhi yake nikaenda naye kazini. Unajua anavyoiita kazi yangu ya kuwafundisha wageni kuzamia: kuogesha watu wazima. Tangu niiache mashine ya kunyolea na kiti kile chekundu dukani kwake, hajawahi kuiita jina jingine. Nikamwonyesha banda letu la vifaa, miwani ya kuzamia imening'inia kwenye misumari, mapezi ya mpira yamepangwa kwa namba za miguu kama duka la viatu, na mabeseni ya maji baridi tunamosuuzia mirija ya kupumulia. Alivishika vyote, akanusa mpira, akauliza kama mirija ile tunaichemsha baada ya kila kinywa. Kinyozi hawezi kuacha kukagua usafi wa mwenzake.

Siku hiyo hatukuwa na abiria wengi. Alikuwepo mama mmoja mshonaji aliyezawadiwa safari na wanawe, na vijana wawili waliooana juzijuzi ambao hata bahari ingekauka wasingejua. Nahodha wetu tunamwita Taratibu, kwa sababu anaendesha boti kama amebeba mayai. Akatushusha penye maji ya kiunoni, mchanga mtupu, ndipo ninapowafundishia wageni wa mchezo huu. Unatema mate kwenye kioo cha miwani na kukisugua ili kisiingie ukungu, unauma mrija, unalaza uso majini, unapumua kwa mdomo polepole, na maji yakiingia kwenye mrija unayapuliza nje kwa nguvu. Jambo gumu ni kuushawishi moyo kwamba unaweza kuwa na uso ndani ya maji na bado ukapumua.

Mama mshonaji alipiga ukelele ndani ya mrija kila alipoinama. Nilimbembeleza nikachoka. Baba akamsogelea, akamwambia atulie kama mtu aliye chini ya wembe, kwamba anayetulia hakatwi. Yule mama akacheka, akatulia, na baada ya muda mfupi nilikuwa namvuta juu ya matumbawe, ameshika boya, anakinyooshea kidole kila kitu. Alimwona samaki taa akipita chini yake na kasa anayekula majani bila haraka, akaibuka akilia kwa furaha.

Aliyeshindwa ni Baba. Miwani ile inafunika hadi pua na inashika kwa kunata kwenye ngozi, na masharubu ya Baba unayajua: mapana, yamechanwa, yanapakwa mafuta kila asubuhi kabla ya chai. Hakuna kati yetu aliyewahi kuuona mdomo wake wa juu. Maji yakawa yanapenya kwenye nywele na kujaza miwani kama glasi. Nikampaka mafuta ya mgando, dawa tunayowapa wanaume wenye masharubu, lakini hiyo ni dawa ya masharubu ya kawaida. Kila alipoinama aliibuka akikohoa, macho mekundu. Mwisho akapanda botini, akajifunika taulo, akakaa nyuma kabisa ananiangalia nikifanya kazi. Nilimwonea huruma, na nakiri nilifurahi pia, maana mawazo yake yalikuwa kwenye miwani, si kwa mtoto.

Tukarudi bandani kungoja zamu ya mchana. Wengine walikwenda kula. Baba akafungua mkoba wake, akatoa sabuni, brashi na wembe wake, ule wa mpini wa pembe tuliokatazwa hata kuugusa. Akakaa juu ya kreti mbele ya kioo chetu kilichopasuka, akaniwekea wembe mkononi. Nilidhani jua limempiga. Nikamwambia samaki hawana thamani hiyo, na kwamba kama ameamua kweli basi ajinyoe mwenyewe, kazi ni yake. Akanijibu kwamba kinyozi hajinyoi, na kwamba mkono wa kinyozi ninao hata kama niliukimbia.

Dada, nilianza upande wa kulia. Povu likawa jeupe na jeusi. Nilipofika chini ya pua, wembe ukapita juu ya kitu kigumu. Nikafuta povu kwa kidole gumba, nikaona kovu. Limetoka puani hadi kwenye ukingo wa mdomo, limeshonwa kwa mishono mikubwa ya zamani, na mdomo umevutwa juu kidogo pale linapoishia. Nimeishi na mwanangu wiki zote hizi na ninaujua mpasuko ule kama ninavyoujua mlango wa nyumba yangu. Mkono wangu ukasimama wenyewe.

Baba akaniambia niendelee, wembe hausimamishwi njiani. Nikaendelea, naye akasema akiwa amefumba macho. Alisema kwamba jana yake alipokwenda kunywa maji aliona kwenye kichanja chetu chupa ya mtoto yenye chuchu ndefu na laini, na kijiko kidogo kando yake. Alijua kazi ya chupa ile. Enzi zake haikuwepo. Bibi alimlisha kwa kijiko, tone kwa tone, na majirani walimwambia asijisumbue. Aliyembeba mgongoni hadi hospitali kushonwa, njia ndefu ya miguu, ni dada yake mkubwa. Ndiyo, Shangazi huyohuyo. Alipokua, watoto wenzake walimcheka hata akachukia kufungua kinywa. Masharubu yalipoota aliyashukuru kama rafiki. Akajifunza ukinyozi kwa sababu moja tu, asije akakaa kwenye kiti cha mtu mwingine akaambiwa ainue uso. Alimwapisha Shangazi asiseme maisha yake yote, na Shangazi, ili asiseme, akazidisha mpaka akawa anadai kwamba kwetu hakuna mambo hayo. Mama alijua tangu kabla ya ndoa. Sisi ndio hatukujua.

Kuhusu siku ile ya sebuleni, alisema alinyamaza kwa woga, na kwamba tangu siku hiyo kila akimkumbuka mke wangu jikoni na vikombe vyake huona aibu. Halafu akasema neno ambalo sitalisahau. Alisema yeye alipata masharubu ya kujificha nyuma yake, lakini mjukuu wake ni msichana, hatakuwa nayo, kwa hiyo tusimfundishe kujificha.

Nililia, Dada. Nililia na wembe mkononi, na Baba akaniomba niuweke chini kwanza, nisije nikamwongezea kovu la pili. Akasema pia kwamba alikuja kumwona mjukuu na si samaki, lakini kwa kuwa ameshanyolewa, samaki nao wajitokeze.

Mchana miwani ilimshika barabara. Nilimvuta polepole na boya, mkono wake juu ya wangu. Tukamkuta samaki pono mmoja mkubwa anatafuna matumbawe, na ukituliza masikio chini ya maji utamsikia akivunja, kama mtu anayekula karanga chumba cha pili. Baba alimtazama mpaka mgongo ukaungua. Alipoibuka akaniambia kwamba mdomo wa yule umekaa vibaya kuliko wake, na anakula mawe, na hakuna anayemcheka.

Jioni tulikwenda kwa mama mkwe bila kupiga simu kwanza. Mke wangu alifungua mlango, mtoto begani, shali imefunika kila kitu. Alinitazama kwa hasira, kisha akamtazama Baba, hakumtambua, kisha akamtambua. Baba alisimama tu chini ya taa ya barazani akainua uso. Mke wangu alimtazama pale mdomoni kwa muda mrefu. Halafu akaitoa shali yeye mwenyewe, hakuombwa, akamkabidhi mtoto. Mtoto alikuwa kwenye usingizi wake wa pono, hakuzinduka hata Baba alipoanza kulia.

Tumesharudi nyumbani sote. Asubuhi nimeamka nikamsikia mke wangu akigombana na Baba kwa sauti kubwa kuhusu joto la maziwa, nikajua mambo ni mazuri.

Basi mwandae Mama, japo nadhani ana mengi ya kukusimulia kuliko wewe kwake. Shangazi msomee barua hii yote, ruka pale tu nilipomsema kuhusu kiti, kisha umwambie kwamba Baba amemfungua kiapo chake, na mimi namshukuru kwa mgongo wake. Shikamoo zangu zimfikie yeye na Mama, na shemeji umsalimie akiamka.

Ndani ya bahasha nimeweka picha. Safari hii si ya upande. Ni Baba na binti yetu, mashavu yamegusana, wote wawili wanatazama mbele. Baba ameagiza usiiweke albamu. Ameomba uipeleke dukani kwake, uibandike juu ya kioo, mbele ya kiti chekundu, mahali ambapo kila anayekaa kunyolewa lazima ainue uso aione.

Mdogo wako akupendaye,
Muogesha watu wazima