Tangu Yaya Asome Komunike Mwenyewe

Bunia, Alhamisi. Mvua imenyesha tangu alfajiri na udongo mwekundu umeingia hadi mlangoni kwangu. Nimefika kazini nimelowa, sina hamu ya kuongea na mtu, na bahati nzuri hakuna aliyetaka kuongea nami.

Simu haikulia tena leo asubuhi.

Niandike wazi, maana hapa ndipo mahali pekee ninapojisemea ukweli. Kazi yangu ni kutunza tovuti ya shirika dogo linalotangaza komunike za mji: barabara imefungwa wapi, shule zinafungua lini, nani amefiwa. Kaka yangu mkubwa, Yaya Faustin, anaishi Mambasa na haoni. Tulipokimbia vita vya Djugu kila mmoja alishika njia yake, na sasa katika familia nzima ni yeye tu ninayeongea naye. Simu yake inamsomea maandishi kwa sauti. Picha haiwezi kuisoma.

Na sisi tulikuwa tunaweka picha tu.

Mama Espérance, sekretari wetu, anapiga picha karatasi yenye muhuri na kuipandisha kwenye tovuti jinsi ilivyo. Nilimwomba mara nyingi aandike maneno yenyewe. Jibu lake ni lile lile: "Bila cachet, watu watasema iko uongo." Na hakosei. Hapa kwetu karatasi isiyo na muhuri hata mwenye nayo haiamini. Siku akikubali kuandika, anatengeneza kichwa cha habari kwa kukoleza na kukuza herufi, kisha anabonyeza nafasi tupu mpaka maneno yakae katikati. Kwa macho inapendeza. Lakini simu ya Yaya haioni kichwa cha habari hapo, inaona maneno kama mengine, naye hajui habari moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi.

Kwa hiyo kila asubuhi alikuwa ananipigia. "Mudogo yangu, soma, niko nasikia." Ninasoma. Tukimaliza komunike tunabaki kwenye simu, ananisimulia ugomvi wa jirani yake na mbuzi wa watu, nami namsengenya Mama Espérance. Baada ya hapo ninaweza kumaliza siku nzima bila mtu kuniuliza jambo lisilo la kazi.

Kisha nikapatwa na malaria, nikalala simu imezimwa. Komunike ilikuwa imesema barabara ya Mambasa imefungwa kwa sababu ya usalama, watu wasisafiri. Yaya hakujua. Alipoona sipatikani alipanda gari kuja kunitafuta, yeye na abiria wenzake wakarudishwa njiani, mahali ambapo sipendi hata kupafikiria. Alinisimulia baadaye huku anacheka. Mimi sikucheka.

Nilipopona nikaubadilisha mfumo tunaoendeshea tovuti. Sasa haukubali picha ya komunike mpaka maneno yake yote yaandikwe chini. Muhuri bado unaonekana, Mama Espérance ametulia. Kitufe cha kukuza herufi nimekiondoa. Anayetaka kichwa cha habari anachagua kichwa cha habari, na mfumo wenyewe unakiweka kwa msimbo unaofuata kanuni za wavuti, ambao simu ya Yaya inautambua. Nikapitisha kurasa zote kwenye programu ya kukagua msimbo, haikupata kosa hata moja. Nilifurahi sana, nikageuka nimwonyeshe mtu. Ningemwonyesha nani? Pale ofisini wote waliona ukurasa uleule wa jana.

Yaya ndiye aliyeitambua kazi yangu. Alinitumia ujumbe wa sauti, amejaa majivuno: "Nimesoma yote miye mwenyewe. Sasa sitakusumbua tena."

Hajanisumbua tena.

Nakiri jambo. Leo, baada ya kungoja simu bure, nilifungua komunike ya asubuhi nikayachagua yale maandishi yote chini ya picha. Mimi ndiye mwenye funguo za tovuti, ninaweza kuyafuta hata kama mfumo unawakatalia wengine. Simu yake ingekosa la kusoma, naye angenipigia. Nani angejua? Nilikaa hivyo kidole juu ya kitufe. Nikaifikiria ile barabara, nikafunga ukurasa. Nilijionea aibu, na upweke haukupungua hata kidogo.

Wakati wa mapumziko nikatoka barazani nikampigia mimi. Sikumbuki kama niliwahi kufanya hivyo, siku zote ni yeye aliyepiga. Sauti yake ilikuwa na hofu.

"Kuko nini? Nani amekufa?"

"Hakuna mutu, Yaya. Nimekupigia tu."

Nilisikia mvua kwenye bati la kwake.

"Kumbe tunaweza kupigiana bila komunike," akasema.

Tulizoea kuanza na habari za watu, na leo hapakuwa na habari ya mtu ila sisi wawili. Tukabaki kwenye simu, yeye na mvua yake, mimi na yangu, mpaka salio langu likaisha.

Kesho nitampigia tena. Sijui nitamwambia nini.