Naoga Dawa ya Kuoshea Gogo la Nyama, Mke Wangu Anadhani Nina Mwanamke wa Nje

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumapili, maana Jumapili kaka wa mke wangu anakuja nyumbani kukaa kikao, na kikao chenyewe kinamhusu mwanamke ambaye mimi simjui, sijawahi kumwona, na ukweli ni kwamba hayupo kabisa, lakini ili nithibitishe kwamba hayupo itabidi nivue shati, na hilo ndilo lililonishinda.

Mimi ni muuza nyama. Bucha ni yangu, ndogo tu, ina gogo moja, mizani, friji inayonguruma kuliko redio, na kwa nyuma kuna bomba na ukuta wa kujificha mtu akitaka kuoga. Safu yako huwa naisoma kabla sijalichana gazeti la kufungia nyama, kwa hiyo matatizo ya watu nayajua mengi, na wengine nimewacheka, Mungu anisamehe.

Haya mambo yalianza kwa kicheko. Siku hiyo tulikuwa na wageni sebuleni, mimi nimerudi kazini nimenawa kama kawaida yangu, nikakaa kwenye kochi nikamwita binti yetu wa mwisho aje nimpakate, akaja mbio, alipofika karibu akasimama, akaziba pua, akasema, "Baba, kaa kule, unanuka bucha," wageni wakacheka, mke wangu akacheka, na mimi nikacheka kuliko wote, lakini mshauri, yale maneno yaliniingia, na tangu siku ile mtu akisogea kidogo kwenye foleni ya benki mimi najua ananikimbia.

Nikaanza kuoga kazini kabla ya kurudi nyumbani. Nikanunua sabuni ya kuua vijidudu, ile kali kuliko zote dukani, nikawa najisugua kwa dodoki, na bado nikijinusa nasikia harufu. Sasa pale buchani tuna dawa ya klorini ya kuoshea gogo na sakafu, ukiimwaga jioni na kupiga brashi, gogo lililokunywa damu mchana kutwa linaamka asubuhi halina harufu hata chembe, nikajiuliza, ikiwa inaitoa damu iliyozama ndani ya mti, itashindwaje na ngozi ambayo iko juu juu? Nikaichanganya kwenye ndoo nikajimwagia, nikatafuta na brashi ngumu yenye mpini ili nifike mgongoni.

Mwanzoni nilijiona nimepata. Ngozi ilibana kama nimevaa ya mtoto, lakini nikasema ndiyo usafi huo. Baadaye ikaanza kuwasha, ikatoka vipele, vidole vikapasuka kwenye maungio, makwapani pakachubuka, na shingoni na mgongoni kukawa na vidonda vinavyotoa majimaji. Na harufu ikarudi, mshauri, tena si ile ya nyama, hii ni kama ya kitambaa kilichosahaulika kwenye ndoo. Basi mimi nikaongeza dawa.

Nyumbani sasa. Narudi nimeshaoga, nimevaa shati safi la mikono mirefu, silivui hata nikilala, mke wangu akinigusa nashtuka kwa maumivu na ananiona ninavyoshtuka. Juzi alikuta mashati yangu ya akiba ndani ya mfuko, akalitoa moja lenye doa jekundu kwenye kola, ni damu ya kwenye vidonda imechanganyika na mafuta niliyopaka, akalishika hivi kwa vidole viwili mbele ya uso wangu.

"Baba watoto, hii rangi ya mdomo ni ya nani?"

Nikasema sijui. Fikiria, mshauri, mtu unaulizwa doa la damu yako mwenyewe unasema hujui.

Akasema, "Mwanamume anatoka buchani ananukia sabuni. Amebadilisha shati. Kitandani ananiepuka kama mimi nina ukoma. Huyo mwanamke anakuogesha mwenyewe, au mnaoga pamoja?" Mimi nikafunga kifungo cha kola. Akahamia chumba cha watoto na akampigia kaka yake.

Kilichonimaliza zaidi ni binti. Tulikuwa tunavuka barabara, akaunyosha mkono wake nimshike, mimi nikautia wangu mfukoni kwa sababu vidole vilikuwa vinatoka damu, nikamwambia ashike shati. Jioni nikamsikia anamwambia mama yake, "Baba hataki kunishika." Yeye wala hakumbuki kwamba aliwahi kuziba pua.

Kliniki siendi. Mji wetu una masikio, wakisikia muuza nyama ana vidonda nani atakuja kununua, na bwana afya akipita si atanifungia? Bora nionekane mhuni. Ila mke wangu nampenda na sina mwingine, na Jumapili nikinyamaza tena nadhani ataondoka na watoto. Nifanye nini? Na kuna dawa gani nyingine kali zaidi ya kumaliza hii harufu?

Ni mimi, mwenye bucha, nimekwama.

*

MSHAURI ANAJIBU

Mwenye bucha, barua yako nimeiruhusu ipite mbele ya foleni kwa sababu ya Jumapili yako. Walioandika kabla yako watanisamehe wakishaisoma.

Pole sana. Naisema kwa moyo. Mtoto alisema neno la kitoto, wewe ukalibeba peke yako ukajifanya unacheka, na hakuna hata mmoja pale sebuleni aliyejua kwamba umeumia. Haya, pole imekwisha, sasa kaa vizuri nikugombeze.

Safu yangu unaisoma, maelezo kwenye dumu la dawa hukuyasoma? Yanasema sakafu, meza na vyombo, na yanasema uvae glavu. Gogo lako ni mti uliokufa, ukiua kila kilichomo umefanya kazi nzuri. Wewe uko hai, bwana! Ngozi yako ina wakazi wake, vijidudu visivyoonekana, na vingi havina ubaya wowote na wewe. Vinaishi kwa mafuta na jasho lako, na kwa kuwa vimejaa pale, vile vibaya vinakosa pa kukaa. Wewe kila jioni unavimwagia klorini, unakwangua na mafuta yanayoilinda ngozi, halafu unashangaa vidonda vimetoka wapi.

Nilimpigia daktari wa ngozi nikamsimulia habari zako bila kukutaja. Akasema, "Huyo amefukuza walinzi na nyumba akaiacha wazi. Sasa anayetaka anaingia." Nikamuuliza kuhusu harufu ya kitambaa. Akasema, "Hiyo asiichezee. Bila kumwona siwezi kuapa, lakini huenda ni vidonda vyenyewe vimeshambuliwa na vijidudu vibaya, na ndivyo vinavyonuka." Umeelewa? Harufu unayoikimbiza huenda unaitengeneza mwenyewe kwa ile brashi. Na unaniuliza dawa kali zaidi! Sina, na ningekuwa nayo ningekuficha.

Klorini kwenye mwili iishe leo. Brashi itupe. Usije ukabadilisha ukaleta ndimu, siki, magadi au manukato, nakujua, ulishaanza kufikiria. Kesho asubuhi nenda kliniki, na umwambie daktari umejipaka nini, usione aibu ukamwambia ni vipele vya joto. Usimeze vidonge vilivyobaki nyumbani vya mtu mwingine. Akishakupa dawa, kuoga kwako kuwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini isiyo na manukato, na sabuni yenyewe ipeleke kwapani, kwenye kinena na miguuni. Sehemu nyingine za mwili maji yanatosha, isipokuwa pale palipoingia uchafu wa kazi. Ukimaliza, jikaushe kwa kubonyeza taulo, si kwa kusugua, na paka mafuta ya mgando pale palipokauka, ngozi ikiwa bado na unyevu kidogo. Kisha iache. Wakazi wake watarudi wenyewe taratibu, hawahitaji kupelekewa gari. Akitokea mtu na kopo la bei mbaya anadai ndani yake kuna vijidudu vizuri, mwambie umesikia, aende salama.

Mikono ni habari nyingine, na hapa sikuchekei. Umekuwa ukikata chakula cha watu kwa vidole vinavyotoka damu. Hadi daktari aseme vimefunga, nyama usiiguse. Mtafute mtu wa kukata, wewe kaa kwenye mizani na maneno yako, au funga mlango na uandike kwamba unaumwa. Bwana afya unayemwogopa anaogopesha zaidi akikukuta umeficha. Ukirudi kazini, endelea kunawa mikono kwa sabuni ya kawaida na maji kila inapotakiwa, usije ukasema mshauri amekuruhusu uchafu. Klorini ibaki kwa gogo, nawe ukiwa na glavu. Na ile harufu ya bucha ambayo binti yako aliisikia, jaribu kwanza kuitafuta kwenye aproni, suruali na viatu. Viache kazini, vifuliwe mara kwa mara. Nina hakika kama ungeanza na viatu tusingefika hapa.

Sasa tuje kwa mkeo, maana wewe unaona Jumapili tu na mimi naona kitu kingine.

Ameishi na muuza nyama, na nadhani aproni zako nyingi zimepita mikononi mwake. Mwanamke huyo hajui doa la damu? Analijua gizani. Akalishika shati lako akauliza rangi ya mdomo ni ya nani, na wewe ukaamini kwamba ameona rangi ya mdomo! Nimeirudia sehemu hiyo mara kadhaa. Nadhani aliona damu, akaona mume anayeshtuka akiguswa, anayelala na nguo, akaogopa una ugonjwa usiotamkika. Akachagua kuuliza kuhusu mwanamke, kwa sababu mwanamke ni afadhali, mwanamke anafukuzwa. Alikuwa anakuombea ukatae kwa kelele. Wewe ukamwambia hujui, ukamwacha na hofu zote mbili. Naweza kuwa nimekosea, sijamwona, lakini kaka yake hakuitwa ili akupige. Ameitwa kwa sababu dada yake ameogopa na hana wa kumwambia.

Kwa hiyo Jumapili usiingoje. Leo hii, watoto wakiwa nje wanacheza, mwite mkeo chumbani, fungua pazia mwanga uingie, na uvue shati. Usianze na hotuba, wewe hotuba huziwezi. Atakapopiga kelele, muache apige. Akilia, usimwambie ni kitu kidogo, maana si kidogo. Mwambie ukweli wote, kicheko cha wageni, ndoo na brashi, na kwamba uliona aibu. Kesho mwende kliniki wawili, na shemeji yako Jumapili akute mmeshapata majibu na chai iko mezani. Binti naye mwonyeshe vidole, mwambie vinauma na ndiyo maana ulimnyima mkono. Watoto wanaelewa kidonda kuliko wanavyoelewa baba anayeficha mkono.

Na kuhusu dawa ya kupaka atakayokupa daktari, shingo na kifua utajipaka mwenyewe. Mgongo mwachie mkeo, kaa kwenye ukingo wa kitanda umgeuzie. Pale katikati mkono wako haufiki, na brashi tumeshaitupa.